Kumtazama mtoto mchanga kabla ya kumwandikia raporti

Swali: “Jambo Mama mwalimu. Ninasimamia asistanti sosiali sita katika shirika dogo hapa Goma. Tunafuatilia familia zinazopokea watoto waliopotezana na wazazi wao, pamoja na wasichana waliozaa wakiwa bado wadogo. Raporti zote ninazoletewa zinamweleza mama: deni la nyumba, baba aliyeondoka, ugomvi na mama mkwe. Mwishoni kuna mstari mmoja: ‘mtoto anaendelea vizuri.’ Nimesikia kuna mafunzo ambapo mtu anakaa saa nzima akimtazama mtoto mchanga bila kufanya kitu. Wakubwa wangu wanasema huko ni kulipa watu wakae. Mimi nina woga mwingine: familia zitafikiri tunawaroga watoto wao, au tunaandika majina ya msaada. Je, jambo hili linawezekana kwetu? Nianzie wapi?”

Jibu: Dada, linawezekana, na halihitaji mradi mkubwa. Ila usilianzie kwenye familia za dosie zenu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuuzungumzie ule mstari mmoja, kwa sababu mimi siamini kwamba unatokana na uvivu.

Asistanti wako anaingia kwenye nyumba ya mbao kule Ndosho. Hajaketi vizuri, mama ameshaanza: mwenye nyumba anadai miezi mitatu, bidoni la maji limepanda bei, mume yuko upande wa Walikale na simu yake haipiti. Yote ni kweli na yote ni ya haraka. Mtoto yuko mgongoni, amelala au hajalala, hana malalamiko yoyote ya kutoa. Daftari linajazwa na mwenye maneno. Tena kuna sababu ambayo watu hawaisemi: mtoto mchanga anayeteseka anaumiza kumtazama. Jicho linatafuta pengine pa kukimbilia, kwenye fomu, kwenye paa linalovuja, kwenye uso wa mama. Ukiongeza kisanduku kipya chenye kichwa “hali ya mtoto”, watakijaza “nzuri” na wewe utakuwa umepoteza wino tu.

Wala usidhani haya ni mambo ya mashirika madogo ya Goma. Mwezi wa nane 2007, London, alikufa mtoto wa miezi 17 aliyeitwa Peter, kwa kuteswa nyumbani kwao. Katika miezi minane ya mwisho watu wa ustawi wa jamii, madaktari, wauguzi na polisi walikuwa wamekutana naye karibu mara 60. Siku chache kabla hajafa, asistanti sosiali alimkuta kwenye kigari chake, amepakwa chokoleti. Chokoleti ilificha majeraha, ziara ikaisha bila yeyote kuyaona. Waliomtembelea walikuwa na diploma, kompyuta na fomu ambazo sisi tutazisubiri sana.

Mafunzo uliyoyasikia yalianzia huko huko London, katika kliniki ya Tavistock, mwaka 1948. Mwanzilishi wake ni Esther Bick, mzaliwa wa Poland, aliyesoma saikolojia Vienna na kukimbilia Uingereza kwa sababu ya Wanazi. Kule Vienna walimfundisha kuchunguza watoto kwa saa mkononi, akihesabu matendo yao, na hakuridhika. Yeye akaweka utaratibu mwingine: mwanafunzi anakwenda nyumbani kwa familia moja tangu mtoto anapozaliwa, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Akiwa pale haandiki, hashauri, hapimi. Akirudi kwake anaandika kila anachokumbuka, kisha anakisoma mbele ya kikundi kidogo chenye mwalimu. Kazi hiyo ilikusudiwa watibabu wa akili za watoto. Baadaye, vifo kama kile cha Peter vilipozidi kuwatia watu aibu, walimu wa ustawi wa jamii nao waliichukua kwa muda mfupi zaidi.

Lakini ukitaka kuwajibu wakubwa wako wanaodhani huu ni mchezo wa wanasaikolojia, waeleze habari za James Robertson. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa mtu wa kuwasha tanuri la kupasha nyumba joto, katika nyumba za watoto alizozisimamia Anna Freud, mtibabu wa akili za watoto, mtaa wa Hampstead. Anna Freud alidai kila mfanyakazi, hata huyo wa tanuri, aandike kwenye kadi kile alichokiona kwa watoto. Baadaye Robertson akawa asistanti sosiali, na John Bowlby, daktari wa akili za watoto, akamchukua Tavistock aende kuwatazama watoto waliolazwa hospitalini bila wazazi wao. Wakati huo wazazi waliruhusiwa kuja kwa nadra sana, na madaktari walisema watoto wakilia siku mbili tatu huzoea na kutulia. Robertson alikaa na watoto hao waliotulia, akaona kwamba wamekata tamaa. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Madaktari wengi walikasirika. Mwaka 1959 kamati ya serikali, iliyoongozwa na Platt, ikapendekeza wazazi wafunguliwe milango ya wodi za watoto. Mtu mmoja aliyejifunza kutazama kando ya tanuri, na kazi yake ikafika huko.

Sasa turudi Goma, kwenye woga wako wa pili, ambao una msingi. Daftari katika mji huu si kitu cha bure. Mtu akiketi kwenye parseli ana kalamu, majirani wanakuja kuuliza kama wanaandikwa. Kuanzia mlipuko wa volkeno wa 2002, tena ule wa mwezi wa tano 2021, hadi kambi za waliokimbia vita, Kanyaruchinya na Bulengo, watu wamejifunza kwamba anayetazama nyumba na kuandika ndiye anayeleta jetoni ya kupokelea msaada, na ambaye hakuandikwa atakosa maharagi na turubai. Kwa hiyo ile kanuni ya kutoandika mbele ya familia, ambayo kule London ililinda usikivu wa mwanafunzi, hapa inalinda na uhusiano wote. Daftari lisionekane. Simu iwe mfukoni, imezimwa. Hakuna jile (kizibao) ya shirika, hakuna gari lenye bendera linalosubiri kwenye kona.

Ndiyo maana nasema msianze na familia mnazozifuatilia. Mama ambaye mtoto wake wa kupokea anaweza kuondolewa kwa raporti yako hawezi kukupa ruhusa ya kweli ukae saa nzima ukimtazama. Atakuonyesha kile anachodhani unataka kuona. Tena kuna shida upande wa asistanti mwenyewe: wengi wao wameona watoto wagonjwa na watoto wa kambini tu, isipokuwa wa kwao wenyewe, na wa kwetu tunawalea, hatuwatazami. Mtu ambaye hajawahi kumfuatilia mtoto anayekua kawaida, mikononi mwa mama anayejimudu, atapima kwa kipimo gani?

Tafuteni basi familia ya kawaida, isiyo na uhusiano wowote na shirika lenu, yenye mtoto chini ya miezi mitatu au mama aliye karibu kujifungua. Mpitie kwa mtu anayeaminika mtaani: mama wa kanisani, mkunga wa kituo cha afya, mama mkubwa wa likelemba, kile kikundi cha kuchangiana pesa. Shefu wa avenyu ajulishwe kwa mdomo ili asije akashangaa. Ombeni kwa baba na kwa mama, wote wawili, na bibi akiwepo aombwe wa kwanza, maana yeye ndiye mwenye mlango. Maneno yenyewe yawe mepesi, kwa mfano: “Mama, ninajifunza kazi ya watoto wadogo. Tunatakiwa kujifunza kwa mtoto anayekua nyumbani kwao. Naomba kuja kila wiki, siku ya tatu, saa tisa, nikae pembeni saa moja, wewe uendelee na kazi zako. Sileti kitu, siandiki jina lako popote. Siku ukichoka nami utaniambia, sitarudi na hakuna atakayekuuliza.” Hayo ya kutoleta kitu yasemwe siku ya kwanza, wazi, hata kama yanaona haya kutoka mdomoni.

Kuhusu kuroga, anayeogopwa ni yule anayekuja bila kutegemewa, anayekaa kwenye giza la mlango na kukodoa macho bila kusema. Mwangalizi aje saa ile ile, asalimie kila mtu, aketi mahali anapoonekana na wote, chini kama wengine wamekaa chini. Macho yake yasiwe juu ya mtoto tu. Yazunguke kwa mama, kwa watoto wengine, kwa moto wa mbabula, yarudi. Asimsifu mtoto kupita kiasi. Na ikitokea mtoto ameugua katikati ya wiki, neno litatembea. Aende kumpa mama pole kama mgeni mwingine yeyote. Akipotea wakati huo, uvumi umethibitishwa.

Ziara mbili za kwanza zitakuwa za mapokezi: kiti kizuri kitatolewa, mtoto atavalishwa nguo za misa, mama hatafanya kazi. Chai ikija inywewe. Kufikia wiki ya tatu au ya nne kiti kizuri kitarudi mahali pake na mama ataanza kufua. Wanafunzi wataniuliza kila mara: mama akinipa mtoto na kwenda bombani, nifanye nini? Umshike. Huwezi kumwachia mtoto sakafuni eti unajifunza kutazama. Ila uyaandike yote: namna alivyokupa, namna mwili wa mtoto ulivyokuwa mikononi mwako, alifanya nini mama alipotoka mlangoni na alipoingia tena.

Sasa tuje kwenye kuandika, maana hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Wanafunzi wapya wote huandika hivi: “Mama anampenda mtoto wake. Mtoto ni mchangamfu. Alinyonyeshwa vizuri, alicheza na dada yake, kisha alichoka.” Hakuna uongo humo, lakini ukimpa mtu mwingine akusomee, hamwoni mtoto yeyote. Unamrudishia: umeona nini hadi ukasema mchangamfu? Aandike upya. Baada ya wiki kadhaa utapata kitu cha namna hii. Nimekitunga kutokana na nyumba mbalimbali ili familia yoyote isitambulike:

“Mama ameketi kwenye kigoda, anachambua sombe (majani ya muhogo). Mtoto, miezi minne, yuko mapajani, kichwa kimelala kwenye mkono wa kushoto wa mama. Macho yake yanafuata vidole vya mama vikipanda na kushuka. Mdomo uko wazi kidogo. Dada yake wa miaka mitano anakuja mbio, anaweka uso karibu sana na uso wake na kupiga makofi: ‘Cheka! Cheka!’ Mtoto anacheka bila sauti, miguu inapiga hewa. Dada anarudia kwa nguvu zaidi. Mtoto anageuza kichwa kwenye kitenge cha mama na vidole vya mkono wa kulia vinajikunja. Dada anamshika kidevu, anamrudisha. Mtoto anapiga mwayo, kisha anapata kwikwi. Mama, bila kuinua macho kwenye sombe, anamsogeza juu kidogo kwa kiwiko na kusema: ‘Muache kwanza.’ Dada anaondoka. Mtoto anabaki akitazama maua ya kitenge. Anavuta pumzi ndefu mara mbili. Halafu macho yanarudi kwenye vidole vya mama.”

Dakika tatu hivi, si zaidi. Lakini kikundi kinaweza kukaa nazo saa nzima. Kuna mtoto anayependa mchezo hadi mahali fulani, kisha unamzidi. Hana mguu wa kuondokea, basi anaondoka kwa kichwa, kwa mwayo, kwa kwikwi. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliyetoa kipimo chake cha watoto wachanga mwaka 1973, aliwafundisha wauguzi kuzisoma ishara hizo, na kutambua hali sita ambazo mtoto mchanga hupitia: usingizi mzito, usingizi mwepesi, kusinzia, kuwa macho kwa utulivu, kuwa macho kwa fujo, na kulia. Ni vizuri asistanti wako wazijue, kwa sababu mtoto aliyetazamwa akiwa anasinzia na kuandikwa “mzito” ameonewa. Ingekuwa vema wasijue zaidi ya hapo mwanzoni. Mwenye orodha ndefu kichwani huangalia orodha.

Mtazame na yule mama. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya Ulaya angeandika: “mama hakumwangalia mtoto.” Kweli, macho yalikuwa kwenye sombe. Kiwiko ndicho kilichosikia kwikwi. Katika nyumba zetu mawasiliano mengi kati ya mama na mtoto mchanga yanapita mgongoni, mkononi, kwenye kitenge, na mwangalizi anayesubiri wakutane uso kwa uso ataandika akina mama wengi kuwa hawajali. Jambo hili limechunguzwa jirani zetu. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake, waliofanya kazi kati ya Wagusii wa Kenya, waliona akina mama wanaombeba mtoto karibu muda wote na kumtuliza haraka akilia, huku wakizungumza naye kidogo. Mtoto akisisimka sana mama alitazama pembeni ili kumpoza. Na mwanasaikolojia Mary Ainsworth, kabla hajajulikana duniani, alitembelea nyumba 26 za Waganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akikaa sebuleni na mkalimani kwa muda wa saa mbili hivi, kila baada ya wiki mbili. Moja ya mambo aliyoyaona lingewafaa asistanti wako kesho asubuhi: akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa vitu vidogo vidogo, bila kuulizwa sana, mara nyingi ndio ambao watoto wao walikuwa na usalama nao. Kwa hiyo badala ya kuuliza “mtoto anaendeleaje?” uliza “jana usiku alifanyaje?” na usikilize ni kiasi gani mama ameona.

Ninataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo kwa kazi yenu ninaliona kubwa kuliko mengine: mtoto anayesifiwa kwa sababu hasumbui. Katika familia za kupokea utasikia mara kwa mara: “Huyu ni mtoto mzuri, unamlaza pale, halii, hata ukichelewa kumpa uji ananyamaza.” Asistanti anaandika: amezoea vizuri. Huenda ni kweli. Wapo watoto watulivu kwa asili. Lakini mtoto wa miezi saba aliyepotezana na mama yake njiani, akapitia mikono minne, ana sababu nzuri ya kunyamaza. Kilio ni kuita, na aliyeita bila kuitikiwa hupunguza kuita. Ndicho alichokiona Robertson kwenye wodi. Mwanasaikolojia Edward Tronick alikionyesha Marekani miaka ya 1970 kwa jaribio la dakika chache: mama anacheza na mtoto wake, kisha anaambiwa akaze uso asionyeshe chochote. Mtoto anajaribu kumrudisha kwa tabasamu, kwa sauti, kwa mikono, kisha anageuka na kulegea. Fikiria msichana wako wa miaka 16 aliyechoka roho, uso wake uko hivyo si kwa dakika mbili bali kwa wiki nyingi. Hana kosa, na mtoto wake naye hana namna nyingine.

Kwa kuwa wengi wenu mmesoma kwa Kifaransa, kipo kipimo kitakachowasaidia, cha Antoine Guedeney, daktari wa akili za watoto wa Ufaransa, kilichochapishwa mwaka 2001. Ni cha watoto wa miezi miwili hadi 24. Kinaangalia mambo manane: uso, macho yanavyokutana na yako, mwendo wa mwili, kujichezea kwa kurudia-rudia, sauti, wepesi wa kuitikia, uhusiano unaojengeka nawe, na kama mtoto anakuvuta au anakuacha ubaridi. Kila moja ni 0 hadi 4, na jumla ikifika 5 mtoto anahitaji kuangaliwa zaidi. Hilo la nane linawachekesha watu, kumbe ni la maana: ukijikuta umekaa nusu saa na mtoto na umemsahau, jiulize ni yeye au ni wewe.

Ila kwetu kabla ya kusema huzuni, tuseme njaa. Mtoto aliyelegea, asiyetaka kucheza, mwenye uso wa mzee, anaweza kuwa na utapiamlo mkali, malaria, au masikio yasiyosikia. Kuanzia miezi sita, mkanda wa kupimia mkono ukionyesha chini ya milimita 115, au miguu ikiwa imevimba na kidole kikiacha shimo, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mdogo kuliko hapo anayenyonya kwa udhaifu, hivyo hivyo. Hayo hayasubiri kikundi.

Na kikundi ndicho mafunzo yenyewe. Watu wanne au watano, si sita wako wote pamoja ikiwa mnaweza kualika mmoja wawili wa shirika jingine na kugawanyika. Siku ile ile, saa ile ile, kila wiki, kwa dakika tisini. Mmoja anasoma kwa sauti alichoandika, wengine wanasikiliza bila karatasi. Nusu ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kueleza sababu. Maswali ni ya kuona tu: mkono mwingine ulikuwa wapi? nani alikuwa mlangoni? ilichukua muda gani hadi anyamaze? Utashangaa jinsi vitu vinavyorudi kwenye kumbukumbu ya msomaji akiulizwa hivyo. Nusu ya pili, mnajaribu maana, zaidi ya moja, na mnaziacha zigombane hadi wiki ijayo.

Hapo pia ndipo mwangalizi anasema yeye mwenyewe alipatwa na nini. Atasema alimkasirikia mama. Atasema alitamani kumnyakua mtoto. Mwingine atasema alisinzia, na kikundi kitagundua alisinzia hasa pale mtoto alipokuwa analia bila kubebwa. Usiyafute hayo kama udhaifu. Yaandikwe pembeni, yatofautishwe na kilichoonekana. Lakini ujue unaongoza watu wa Goma. Wengine wamezika watoto, wengine walikimbia na mtoto mgongoni, vita vya mwezi wa kwanza 2025 haviko mbali. Ongea na kila mmoja peke yake kabla ya kuanza, na anayetaka kusubiri asubiri bila kutoa maelezo. Kikundi si mahali pa kutibiana. Mtu akivunjika moyo, mnasimamisha, mnakaa naye, kisha unamtafutia mtu wa kuongea naye nje.

Miaka miwili msijaribu. Familia za mji huu zinahama. Tangu kambi zilipobomolewa mwezi wa pili 2025 hata wenyeji wamebadilisha nyumba kwa kupokea ndugu. Wiki kumi na mbili zinatosha kumfungua mtu macho. Kwa wakubwa wako, piga hesabu mbele yao: saa moja ya kutazama, moja na nusu ya kuandika, moja na nusu ya kikundi, ni saa nne kwa wiki, saa 48 kwa wiki kumi na mbili, yaani siku sita za kazi kwa kila mtu. Wanatumia zaidi ya hizo kwenye semina za hoteli kando ya ziwa, zenye perdiem na picha ya pamoja, na hakuna anayewauliza raporti zilibadilika nini. Usiwaahidi takwimu. Waonyeshe raporti mbili za asistanti mmoja, ya kabla na ya baada.

Maana baadaye lazima irudi kwenye kazi, na kazini hakuna saa ya kukaa kimya. Zipo dakika kumi. Raporti ianze na mtoto kabla ya mama: alikuwa mikononi mwa nani, macho au usingizini, alifanya nini ulipoingia, aliposhtuka alimtafuta nani. Kwa watoto wa kupokea, hilo la mwisho lifuatiliwe ziara hadi ziara. Mtoto wa miezi tisa au kumi anayenyoosha mikono kwa kila mgeni hufurahisha watu, “huyu hana ubaguzi.” Kwa umri huo, aliyekwisha kupata mtu wake kwa kawaida humchungulia mgeni kwanza na kumshika wa kwake. Ishara moja haitoshi kuhukumu. Inatosha kurudi wiki ijayo, si mwezi ujao.

Na mwanafunzi akiwa kwenye familia ya mafunzo akaona mtoto anapigwa au anaachwa na njaa? Ahadi ya kukaa pembeni inaishia hapo. Akupigie wewe siku hiyo hiyo, na wewe ujue tayari ni nani wa kumwita kwenye kituo cha afya na kwenye Divisheni ya Mambo ya Kijamii. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 haimsamehe mtu kwa kuwa yuko masomoni. Familia ielezwe hilo tangu siku ya ombi. Kinyume chake, yale ya kawaida yabaki ya siri: majina yabadilishwe, karatasi zisiingie kwenye dosie yoyote, na hata sentensi moja isitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kuaga nako kupangwe. Wiki nne kabla ya mwisho mama aambiwe, na akumbushwe kila wiki. Huyu mtu aliyekuwa anakuja kila wiki ameshakuwa wa nyumbani, na mama wa Goma ameona wageni wengi wanaotoweka siku mradi unapoisha.

Wewe mwenyewe utangulie. Tafuta mtoto mmoja anayefikika kwa miguu, mwenye bibi nyumbani, na mwanasaikolojia wa hospitali mojawapo ya mji akubali kukusomea wiki hizo kumi na mbili, yeye na mwenzako mmoja au wawili. Baada ya hapo ndipo uwaite hao sita.